Mkono Usitangulie: Jinsi Mfagiaji na Mzoa Taka wa Moshi Anavyoweza Kujikinga na Magonjwa ya Kazini

Jumamosi moja, saa moja kasoro asubuhi, nilikuwa nyuma ya vibanda vya jirani na soko la Mbuyuni nikipakia toroli. Kulikuwa na mfuko wa salfeti uliojaa hadi mdomoni, haufungiki. Nikausukuma kwa kiganja ili taka zishuke. Nikahisi kama nyuki amenidunga chini ya kidole gumba. Nilipovua glavu niliona tone moja la damu, dogo kuliko punje ya mtama. Ndani ya mfuko, katikati ya maganda ya ndizi na pampasi, kulikuwa na bomba la sindano lisilo na kifuniko.

Nilinyonya kidole, nikatema mate, nikaendelea na kazi hadi saa nne. Kituo cha afya nilichokwenda baadaye kilinibandika plasta na kuniambia nirudi Jumatatu, anayehusika hayupo. Mzabuni niliyekuwa nikimfanyia kazi alisema ajali ni ajali, akanikata ujira wa siku mbili. Dawa za kuzuia VVU nilizipata Jumatatu alasiri, zikiwa zimebaki saa zisizofika ishirini kabla muda wa kuzianza haujapita. Sikuambukizwa, namshukuru Mungu. Lakini zile wiki za kusubiri majibu sitaki mwingine azipitie kwa kukosa kuambiwa mambo ambayo mtu angenieleza kwa nusu saa.

Nimefagia Moshi miaka 11, na sasa nasimamia kikosi cha watu 14. Mji wetu unasifiwa kwa usafi, na sifa hiyo inatoka kwenye mikono ya watu wanaoamka saa kumi usiku. Haya ninayoandika ni kwa ajili yao: mfagiaji wa barabarani, anayezoa taka kwa guta au lori, anayezibua mitaro na chemba, na kibarua wa dampo. Nimeyapata kwa wauguzi, kwa mafunzo ya maafisa afya, na mengine kwa kuumia.

Hatua ya 1: Chanjo kwanza, fagio baadaye

Ukiambiwa uanze kazi kesho, leo pita kituo cha afya uulize mambo mawili: homa ya ini aina ya B, na pepopunda.

Watu wengi kwenye kazi yetu wanaogopa Ukimwi peke yake. Ni haki kuuogopa, lakini sikiliza hesabu hii. Watu 1,000 wakichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3. Watu 100 wasio na chanjo wakichomwa na sindano yenye virusi vya homa ya ini B, wanaoambukizwa ni kuanzia 6 hadi 30. Halafu kirusi hicho kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Sindano iliyotupwa Jumatatu na kuzolewa Ijumaa bado ina nguvu. Huyu ndiye adui mkubwa zaidi kwenye mfuko wa taka, na ndiye tuliye na kinga yake.

Utapimwa damu kwanza, kwa sababu chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Yeye anahitaji kliniki. Ukiwa salama utachomwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita kuanzia ile ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaiacha. Mwezi wa kwanza una hamu, mwezi wa sita umesahau au umehamia kwa mzabuni mwingine. Andika tarehe zote tatu nyuma ya mlango wa chumba chako, siku hiyo hiyo. Na usidhani ulichanjwa utotoni: chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi tuliozaliwa kabla ya hapo hatunayo.

Pepopunda ni rahisi zaidi. Akina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito kwa kawaida wamechomwa, kadi ipo. Wanaume ndio wenye tatizo. Nimewauliza vijana wangu wote, na wengi hawakumbuki kuchomwa tangu wakiwa wachanga. Msumari wenye kutu, mfupa, bati, kipande cha chupa kilicholala kwenye udongo wenye kinyesi, vyote vinaweza kuleta pepopunda.

Hatua ya 2: Vaa kwa mpangilio wake

Suruali au ovaroli ipite juu ya gambuti, isichomekwe ndani. Ukiichomeka, maji machafu yanayomwagika kwenye paja yanateremka moja kwa moja hadi kwenye soksi, na unatembea nayo mpaka saa nane mchana. Hili ni jambo dogo, na kila wiki namkuta mtu amelikosea.

Glavu ziwe nzito, za mpira mnene au ngozi, zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Zile nyembamba za hospitalini zinazuia uchafu tu. Kwa sindano na chupa ni kama hujavaa kitu. Hata nzito haizuii sindano. Inachofanya ni kupunguza damu inayoingia na kukupa nafasi ya kuhisi kabla haijazama. Glavu iliyotoboka itupwe. Nimeona watu wakifunga tundu kwa gundi ya karatasi. Naelewa kwa nini, maana jozi mpya haiji, lakini ukifanya hivyo unajidanganya.

Kabla hujavaa, angalia mikono na miguu yako mwenyewe. Mchubuko, lengelenge, mpasuko wa kisigino, ukucha uliong'oka: funika kwa plasta isiyopitisha maji. Kata kucha ziwe fupi. Barakoa ni ya vumbi. Asubuhi ya kiangazi, upepo ukishuka kutoka mlimani, nyunyizia maji kidogo kabla ya kufagia na simama upepo ukiwa mgongoni.

Hatua ya 3: Mkono usitangulie

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, kwa hiyo nitakawia.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, taka nyingi za majumbani hapa kwetu zinakuja kwenye viroba na mifuko ya salfeti. Ni jambo jema kwa mitaro yetu, lakini kiroba hakionyeshi kilichomo. Zamani rambo jembamba ungeona chupa inang'aa. Sasa jicho halioni, na mkono ndio unaotumwa kupeleleza.

Fanya hivi. Ukifika kwenye mfuko, simama. Uguse ubavuni kwa mpini wa reki au kwa fimbo, usikilize. Chupa hulia, bati hulia. Panya nao hujitokeza hapo, na ni heri watoke wakati mkono wako uko mbali. Kisha shika shingo ya mfuko, sehemu tupu ya juu, kwa mikono yote miwili. Uinue taratibu, mbali na paja na tumbo. Usiukumbatie. Usiubebe begani wala kichwani, maana kitu chenye ncha kikitokeza kitakutoboa shingo yako, na maji ya taka yataingia machoni na mdomoni. Mzito? Mwite mwenzako, mmoja ashike shingo na mwingine aingize chepe chini yake.

Mfuko uliojaa usisukumwe kwa kiganja, hata ukiwa na haraka, hata lori likipiga honi. Usiukanyage pia. Nyayo za gambuti za bei ndogo nimeona zikipitwa na msumari kama mkate. Taka zikimwagika, zizoe kwa chepe na reki. Ukikosa reki, vipande viwili vya mbao vinatosha. Na anayepokea juu ya lori asidake mfuko unaorushwa. Yule wa chini aweke ukingoni, wa juu avute shingo. Kazi inachelewa kidogo, hilo sikatai. Nilipima kwenye njia yetu ya Double Road, tulichelewa kama robo saa kwa asubuhi nzima.

Kijana wangu mmoja mpya alinipinga. "Mama, tukienda hivyo mchana utatukuta hapa hapa."

"Utukute, mwanangu," nikamwambia. Nikamwonyesha kidole gumba. Hakuna kovu la kuonekana, lakini alielewa.

Hatua ya 4: Ukiikuta sindano

Hospitali na zahanati zina utaratibu wake wa kutupa vitu vyenye ncha kali, kwenye visanduku maalumu vinavyokwenda kuchomwa. Sindano tunazokutana nazo sisi nyingi ni za majumbani: mgonjwa wa kisukari anayejichoma, mfugaji anayechanja kuku au ng'ombe wake, watu wanaojidunga dawa za kulevya vichochoroni. Ongeza na nyembe za saluni na vinyozi.

Kila toroli au guta iwe na chombo kigumu chenye mfuniko. Sisi tunatumia dumu tupu la mafuta ya kula la lita 5, tumeliandika SINDANO kwa rangi nyekundu. Chukua kibanio cha mkaa, au koleo la chuma kama lipo. Peleka dumu kwenye sindano, usiibebe sindano kuipeleka kwenye dumu. Liweke chini, usilishike kwa mkono mwingine. Bana sindano katikati, ncha ikielekea chini, itumbukize. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake, usiivunje, usiipinde. Dumu likifika robo tatu, funga mfuniko na ulikabidhi kituo cha afya mlichokubaliana nacho kupitia afisa afya wa kata. Lisiende dampo, kwa sababu huko kuna wenzetu wanaookota chupa kwa mikono mitupu, na wengine ni watoto.

Hatua ya 5: Maji ya mtaro, na homa ambayo si malaria

Masika ikianza Machi, kazi inahama kutoka fagio kwenda chepe la mtaroni. Mitaro ya sokoni ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu panya wanakula humo, wanakojoa humo, na mvua inasambaza.

Kuna ugonjwa unaoishi kwenye mkojo wa panya. Ng'ombe, nguruwe na mbwa nao wanaubeba. Madaktari wanauita leptospirosisi, na Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda Julai 2022, ulipowapata watu 20 mkoani Lindi na kuwaua 3. Vijidudu vyake havihitaji sindano. Vinapita kwenye mchubuko, kwenye ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, kwenye macho, puani na mdomoni. Unaweza kuzibua mtaro leo ukiwa mzima, homa ikaja wiki moja au mbili baadaye. Wakati mwingine hata mwezi.

Dalili zake: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, macho kuwa mekundu bila usaha, na misuli kuuma, hasa vigimbi, mpaka kugusa tu unaruka. Wengine huishia kupata manjano, figo zikaanza kushindwa, au kutapika na kukohoa damu. Ukiwahi, unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria.

Shida ni kuwahi, kwa sababu mwanzoni ugonjwa huu unafanana na malaria. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Zaidi ya nusu, 528, walikuwa wameandikiwa malaria. Kati ya wote 870, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Leptospirosisi iliwapata karibu 9 katika kila 100 waliopimwa ugonjwa huo. Nilipoelezwa hesabu hizo na daktari mmoja kwenye mafunzo, niliwakumbuka wenzangu wote waliomeza dawa ya mseto mara mbili, mara tatu, bila kupona.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili halihitaji pesa. Ukienda hospitali na homa, taja kazi yako. Kijana mmoja wa kikosi chetu aliugua baada ya kuzibua mitaro wiki nzima. Alikunywa mseto wa duka la dawa, haikushuka. Nikaenda naye hospitali. Daktari akamuuliza, "Unafanya kazi gani, kaka?" Akajibu, "Kibarua tu."

Kibarua wa nini? Wa kubeba matofali? Wa shamba la kahawa? Daktari aliandika neno hilo na kuendelea. Nilimwomba radhi nikasema, "Daktari, huyu anazibua mitaro ya sokoni, wiki mbili zilizopita alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini." Kalamu ilisimama. Akaanza kumminya vigimbi, akamwangalia macho, akaandika vipimo vingine na dawa nyingine. Siku ya tatu kijana alikuwa anakula ugali.

Alikuwa ameona haya. Ninamfahamu, na ninaifahamu haya hiyo. Mimi mwenyewe miaka ya kwanza niliwaambia wakwe zangu nafanya usafi ofisini. Lakini daktari hawezi kutafuta ugonjwa wa mtaro kwa mtu aliyemficha mtaro. Sema hivi, neno kwa neno kama unataka: "Nazoa taka, nashika maji ya mitaro na mikojo ya panya. Mara ya mwisho kuingia mtaroni ilikuwa tarehe fulani. Naomba nipimwe malaria kwanza, na kama haipo naomba muangalie homa ya mgunda." Ni haki yako.

Kwenye mtaro wenyewe: gambuti ndefu, glavu ndefu, chepe lenye mpini mrefu ili usiiname mpaka uso ukaribie maji. Anza upande wa juu ya mteremko ili maji yasikurukie. Yakikuingia jichoni, yasuuze mara moja kwa maji safi mengi. Panya aliyekufa mwokote kwa chepe. Na chemba yenye kina usiingie kabisa bila vifaa na watu wa juu wa kukuvuta. Humo hewa inaua kabla ya ugonjwa, na hilo linahitaji mafunzo yake.

Hatua ya 6: Kabla mkono haujaenda mdomoni

Kipindupindu, taifodi, kuhara damu, homa ya ini aina ya A, mayai ya minyoo: vyote vinasafiri kutoka kwenye kinyesi hadi kinywani, na gari lake ni mkono. Pampasi pekee zinatosha kukuambia kwamba kila mfuko wa taka una kinyesi.

Chai ya saa tatu ndiyo saa ya hatari. Mama lishe anapita na maandazi, mtu anavua glavu moja, anashika andazi kwa mkono uliotoka jasho ndani ya glavu. Kikosi chetu tunabeba dumu la lita 20 lenye bomba, na sabuni ya kipande ndani ya soksi iliyofungwa kwenye mpini, haipotei. Mahali tunapoanzia kazi tumetengeneza kibuyu chirizi. Maji yatiririke, msinawe kwenye beseni moja. Nawa ukiwa bado na glavu, zivue, kisha nawa mikono mitupu kwa sabuni hadi viwiko. Sigara, ugoro, na kupokea simu vinahesabika kama kula. Simu iliyoshikwa na glavu ya taka inalala na wewe kwenye mto.

Kwa kuosha vifaa, tumia dawa ya klorini ya madukani. Soma lebo. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji kinatosha kwa machepe, toroli na gambuti. Osha tope kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Changanya ya siku hiyo tu, kesho inakuwa imepungua nguvu. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, moshi wake unaunguza mapafu. Mikono haihitaji klorini, sabuni inatosha.

Ukianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, usijikaze. Anza kunywa ORS huku ukienda kituoni.

Hatua ya 7: Ukichomwa au ukikatwa

Simamisha kazi. Usinyonye kama nilivyofanya mimi, usiminye kidole kukamua damu, usitie mafuta ya taa wala klorini. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kadhaa. Damu au maji machafu yakirukia jichoni, suuza kwa maji mengi.

Angalia saa. Iandike kwenye kiganja kama huna karatasi.

Kisha nenda hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali, ambazo wahudumu wanaziita PEP, zinafaa zikianza mapema iwezekanavyo, na mwisho kabisa ni saa 72. Ndani ya saa moja au mbili ni bora kuliko kesho, na kesho ni bora kuliko keshokutwa. Utapimwa kwanza, kisha utameza dawa siku 28 bila kuruka. Kichefuchefu kikija, rudi uulize, usiache. Utapimwa tena baadaye kwa tarehe utakazopewa. Hadi hapo tumia kondomu na usichangie damu. Kama hukuchanjwa homa ya ini B, omba chanjo ianze siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa 24. Na pepopunda: kwa kidonda kichafu, kama miaka zaidi ya 5 imepita tangu uchomwe, huongezwa nyingine.

Wakikuambia urudi Jumatatu, usikubali kama nilivyokubali. Ajali haijui wikendi. Sema, "Nimechomwa na sindano ya taka saa fulani, naomba PEP." Wasipokuwa nayo, waulize ni wapi ipo sasa hivi, na uende huko. Hospitali kubwa zenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, na wodi ya dharura usiku na mchana ndizo za kukimbilia. Msimamizi akusindikize, mtu aliyeogopa hasikii nusu ya anachoambiwa.

Hatua ya 8: Kikohozi, mbwa, minyoo

Kifua kikuu hukipati kwenye taka. Unakipata kwa kuvuta hewa ya mtu anayekohoa, na sisi tunabanana kwenye kabini la lori na kwenye vyumba vya kupanga. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, usikipe jina la vumbi. Peleka makohozi yapimwe. Kupima na kutibiwa katika vituo vya serikali ni bure, dawa kwa kawaida ni za miezi sita, na mkoa wetu una hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, inayojulikana nchi nzima kwa ugonjwa huo.

Mbwa wa dampo akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha kachomwe chanjo siku hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu, kwa hiyo usivue gambuti ukakanyaga udongo wa dampo kwa kandambili. Muulize mhudumu kuhusu kumeza dawa ya minyoo kwa vipindi.

Hatua ya 9: Ukirudi nyumbani

Nguo za kazi zisiingie ndani. Kama kazini hakuna pa kubadilishia, ziwe na ndoo yake nje ya mlango, zifuliwe peke yake, zianikwe juani. Nina mjukuu ambaye akinisikia tu anakimbia kunikumbatia miguuni. Nimemzoesha kusubiri: bibi aoge kwanza. Siku za mwanzo alilia.

Hatua ya 10: Daftari

Hii ni kwa msimamizi, na kwa kibarua ambaye msimamizi wake hajali. Nunua daftari gumu. Kila ajali iandikwe siku hiyo: tarehe, saa, mahali, kitu kilichochoma, nani alishuhudia, hospitali gani, saa ya dozi ya kwanza. Ukurasa mwingine uwe wa chanjo za kila mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Sheria ya fidia ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake inatoka kwa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako, na unagusa magonjwa yatokanayo na kazi pia, si ajali peke yake. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12. Mwajiri akikataa kuripoti, daftari, karatasi ya hospitali na shahidi ndivyo vitakavyokusemea. Mimi siku ile sikuwa na hata kimoja, na ujira wa siku mbili ukaenda hivyo hivyo.

Kama huna mkataba, piga picha ya kitambulisho chako cha kazi, na ya ukurasa wenye jina lako kwenye orodha ya malipo. Mtumie ndugu yako nakala, maana simu huanguka mtaroni.

Na wewe unayesoma haya ukiwa mwenye nyumba, si mzoa taka: sindano za kisukari na nyembe ziweke kwenye chupa ngumu, zungushia gundi ya karatasi mdomoni, na asubuhi tukipita mkabidhi mfagiaji mkononi, umwambie kilichomo. Dumu letu lenye maandishi mekundu liko mbele ya toroli, upande wa kushoto.